Ngwali Apewe Kwanza

Ipo nchi ambayo haijachorwa kwenye ramani yoyote ya ukutani, wala hakuna basi liendalo huko, ila kila mmoja wetu anatembea nayo, anaoga nayo na kulala nayo. Inaitwa Kiwiliwili. Ni nchi ya amani. Hilo la amani wananchi wake hawachoki kulisema, na wakichoka wapo watu walioajiriwa kuwakumbusha.

Katika nchi hiyo, Kata ya Titi la Kushoto, aliishi mpishi aliyeitwa Bi Mashavu. Yeye ndiye aliyeshika upawa wa jiko la kata. Sukari ilishuka kwa Mto Mwekundu, ikapokelewa jikoni, Bi Mashavu akakoroga uji, na wote wakala hapo hapo: wenye nyumba, wafagiaji na askari wa doria. Jiko lilikuwa na desturi moja tu. Anayeinua bakuli juu kuliko wenzake ndiye anayepewa kwanza. Haulizwi wewe nani, haulizwi umekula lini. Bakuli juu, uji ndani. Kila mtu aliisifu desturi hiyo, kwa kuwa zamani hizo mwenye nyumba alikuwa na bakuli lake moja na mkono wa kawaida wa kuliinulia.

Ngwali alizaliwa kata hiyo hiyo. Lazima lisemwe mapema, maana baadaye walitokea watu wa kuapa kwamba alivamia kutoka nje. Hakuvamia. Wazee wake walikuwa wakazi wapole wa kando ya mifereji ya maziwa, watu wa salamu na shughuli zao. Ngwali naye alikuwa mtoto kama watoto wengine, ila alikula. Na Bi Mashavu alikuwa na udhaifu ule ule wa mama yeyote aliyewahi kushika mwiko: alimpenda mtoto anayekula.

"Mtazameni huyu," alikuwa akiwaambia watu, huku upawa umeshajaa. "Hasazi! Hatemi! Sio kama huyu wangu, anachagua chakula kama bibi harusi mbele ya mawifi."

Huyu wake alikuwa Zawena, binti yake wa pekee, askari wa doria. Zawena alisomea Chuo cha Tezi, chuo ambacho wanaingia vijana wengi wanatoka wachache, kwa kuwa mtihani wake mkuu ni kuthibitisha kwamba hutampiga mtu wa nyumbani. Wanaofeli hawarudi, na wazazi wao hawaulizi. Zawena alifaulu. Siku aliyorudi, mama yake alilia kwa furaha, kisha akamwambia asimame nyuma ya foleni kama wengine, watu wasije wakasema.

*

Kazi ya askari wa Kiwiliwili ni kunusa. Kila nyumba, kwa sheria, huning'iniza dirishani kipande kidogo cha kile ilichopika siku hiyo. Askari hupita, ananusa, anasema "haya, mchana mwema," anaendelea. Akikuta kipande chenye harufu asiyoijua, hapo ndipo mkuki unashuka begani.

Ngwali alipopata nyumba yake mwenyewe alianza kujenga. Akaongeza chumba. Akaongeza chumba juu ya chumba. Akajenga na sehemu ya jirani, na jirani alipokuja kulalamika akakuta kwake hakuna mlango tena, kuna ukuta wa Ngwali. Halafu kila dirisha la nyumba ile likatoa mkono, na kila mkono ukashika bakuli, na mabakuli yenyewe yalifungwa kwenye miti mirefu kama ya kuangulia mapera. Saa ya uji ikifika, ukitazama toka jikoni ulikuwa huoni anga.

"Anakua huyo!" alisema Bi Mashavu. Akajaza, akajaza.

Diwani wa kata, Mheshimiwa Shekue, mtu mnene aliyependa kusimama juu ya kitu chochote kilichoinuka, aliitisha mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi wa Titi la Kushoto," alisema. "Tangu nchi hii iumbwe, kata yetu imekuwa tambarare. Tulidharauliwa. Leo, kwa juhudi za kijana wetu Ngwali, tuna nini?"

"Mlima!" watu wakaitika.

"Tuna mlima! Kata ya Titi la Kulia wana mlima?"

"Hawana!"

"Wataisoma namba! Huku kukua kwetu, ndugu zangu, tumeandikiwa. Kwa hiyo ofisi yangu imeamua, kwa niaba yenu na bila kuwasumbua kwa kuwauliza, kuchepusha Mto Mwekundu upite mlangoni kwa Ngwali."

Wakapiga makofi. Bi Mashavu naye alipiga, mikono yake ikiwa bado na unga. Alijiona kama yeye ndiye aliyeuzaa huo mlima.

Ila Ngwali alikuwa na tabia moja ya ajabu. Wakazi wengine wakipata uji walikunywa taratibu, wakapuliza, wakautoa nguvu yote hadi tone la mwisho. Ngwali, hata upepo mwanana ukivuma nje na nafasi ikiwepo ya kula kistaarabu, aliumeza haraka haraka, akaunyonya utamu wa juu tu, na uliobaki akaumwaga mtaroni. Alikuwa na haraka ya kujenga. Yale makapi yakachacha. Mtaro ukajaa maji makali yenye kuuma pua, na yakaanza kuingia mitaani.

*

Asubuhi moja Zawena alikuja jikoni mbio mbio.

"Mama, nimenusa dirishani kwa Ngwali."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Mama, kile kipande si chakula cha kwetu. Kina harufu sijawahi kuisikia, hata chuoni hawakutuonjesha."

"Marahaba. Wewe mwanangu ulizaliwa mshakunaku. Mtoto wa watu anajenga, anakula vizuri, wewe unakwenda kumnusa."

"Kazi yangu ni kunusa, mama!"

"Basi nusa kwa adabu. Ngwali ni wa hapa. Nimemlisha mimi mwenyewe kwa upawa huu huu."

"Ndiyo nakwambia hivyo," alisema Zawena. "Umemlisha wewe."

Neno lile lilimwingia Bi Mashavu kama mwiba wa samaki, hakulitema wala hakulimeza.

Zawena na wenzake walikwenda hivyo hivyo. Walivunja vyumba kadhaa vya mbele, na kwa muda ilionekana kama kazi ingekwisha kabla uji haujapoa. Lakini kupigana kunataka tumbo lenye kitu. Mchana waliteremka jikoni wanatetemeka, mabakuli mikononi.

Foleni ilikuwa ndefu. Mabakuli ya Ngwali yalikuwa juu, mengi, yanagongana. La Zawena lilikuwa chini, usawa wa kifua, maana mkono wake ulikuwa umechoka na mkuki.

"Mama," aliita. "Kidogo tu, turudi kazini."

Bi Mashavu alikwisha kuugeuza upawa kuelekea kwa binti yake. Wote waliokuwepo waliliona hilo. Na hapo ndipo Bi Pili, mfagiaji wa mitaa, mwanamke mwenye mdomo usiojua mapumziko, alipokohoa.

"Ehe, leo tutazame," alisema. "Leo mama askari atamjazia mwanawe, sisi wengine tule harufu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha puani. Upawa ukasimama hewani. Kuna aibu ambayo mwenye mtoto anaijua: aibu ya kuambiwa unapendelea wako. Bi Mashavu aliisikia ikimpanda shingoni hadi masikioni. Akaugeuza upawa.

"Ngwali apewe kwanza," alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie jinsi alivyo mwadilifu. "Wewe ni wa nyumbani, Zawena. Utasubiri."

Zawena alisubiri. Zamu yake ilipofika, sufuria lilikuwa likilia kavu chini ya upawa. Alilamba upawa, akasema "ahsante, mama," akarudi kazini.

Ikawa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Kila siku Bi Mashavu alijiambia kwamba kesho atampa. Na kila siku alikuwepo mtu anatazama.

*

Maji makali yalipofika vifundoni, askari walipeleka malalamiko. Walisema yanawachubua miguu, yanawalegeza mikono, mtu anainua mkuki anasahau alitaka kuufanyia nini. Diwani Shekue aliunda Kamati ya Utulivu ili kuchunguza. Wanakamati walishuka mtaroni na vikombe. Wakaonja. Wakaongeza.

"Hii ni togwa," alisema mwenyekiti wao, akijifuta mdomo. "Sisi imetukubali. Asiyeiweza hakulelewa vizuri."

Na kweli iliwakubali. Walinenepa kwa maji yale yale yaliyowakondesha askari. Tangu hapo kazi yao ikawa kupita kwa kila askari na kumshika bega: "Taratibu, mwanangu. Ya nini jazba? Nchi ni ya amani."

Bi Pili naye aliyaonja, kwanza kwa kukunja uso. Baada ya muda hakufagia tena. Alionekana getini kwa Ngwali, ufagio begani kama bunduki, akiwafukuza askari waliokuja kunusa. "Mheshimiwa Ngwali amepumzika," alisema. Alikuwa hata amejifunza kutabasamu.

Ngwali mwenyewe hakupigana na mtu. Akipata askari aliyejikokota hadi mlangoni, alitoa mkono wa salamu. Katika Kiwiliwili kukataa salamu ni ukosefu wa adabu usiosameheka. Askari anashika. Na mkono ule ulikuwa na usingizi ndani yake. Ukiushika unasikia kwamba umefanya kazi ya kutosha, unaweza kusimama hapo hapo tu, macho wazi. Ukuta wa Ngwali ulizungukwa na askari waliosimama hivyo. Diwani aliwaonyesha wageni kwa fahari: "Ona ulinzi tuliompa!"

Mtu mmoja wa mbali, ambaye jina lake halijulikani, alishauri kwamba kwa kuwa Ngwali anapenda sukari, basi sukari ipunguzwe. Diwani alilipenda wazo kwa kuwa lilikuwa fupi. Akatangaza Mfungo wa Taifa. Sukari ikapungua jikoni. Na ile kidogo iliyokuja, kwa desturi, ikaenda kwa bakuli la juu kuliko yote. Ngwali alikula kama jana. Waliofunga walikuwa askari.

*

Juu ya nchi hiyo yupo Mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona, ila husikika akiimba akipika, akiwafokea watoto wake, akihesabu vitumbua alivyobakiza sokoni. Siku moja, saa ya kuoga, anga liliteremka. Vilikuwa Vidole vyake, vyenye povu. Vilipita juu ya kata kama kawaida, vikafika kwenye mlima, vikasimama.

Kata nzima ikatazama juu.

"Tumwambie!" Bi Mashavu alisema. Alishangaa kuisikia sauti yake. "Mheshimiwa, tupige kelele, tumuume kidogo, ajue!"

Diwani Shekue alimtazama kama aliyetukana msikitini. "Tumuume Mwenyewe? Bi Mashavu! Mwenyewe ana watoto wa kupeleka shule. Ana vitumbua vyake. Mume yuko safarini. Ndiyo umpe na hili? Mlima wetu una adabu zake, hauumi. Naamuru mtu asimuume Mwenyewe."

Vidole vilibonyeza. Vilizunguka mlima polepole, kama mtu anayepapasa embe aone kama limeiva. Sauti ikasikika huko juu, ndogo, ya mtu anayejisemea:

"Aa. Hata hakiumi. Itakuwa maziwa yameganda. Nikipata nafasi nitakwenda hospitali."

Maji yakamwagika, anga likapanda. Watu walishangilia. Kamati ya Utulivu waligawa togwa. Bi Mashavu alirudi jikoni akakoroga sufuria lisilokuwa na kitu.

Nafasi haikupatikana. Kulikuwa na ada ya shule, kisha msiba wa mjomba, kisha mvua.

*

Bi Mashavu alikwenda ukutani kumtafuta mwanawe. Hakuwa amekwenda hata mara moja tangu vita vianze. Siku zote aliona atakwenda na uji, na uji haukubaki. Alitembea katika maji makali hadi miguu ikamwasha. Akapita askari mmoja mmoja, watoto wa wenzake, akawasalimu, hawakuitika.

Zawena alikuwa amesimama karibu na dirisha lile lile alilolinusa mwanzo. Ngozi ya miguu ilikuwa imebanduka. Mkuki umeegemea bega kama mwavuli wa mtu anayengoja mvua ikatike.

"Zawena, mwanangu. Mimi mama yako."

Macho yakamgeukia polepole.

"Njoo nyumbani ule. Nitakupikia."

Zawena alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, wala hakusema kwa kisirani, alisema kwa ile sauti ya mtoto mwema aliyekariri somo lake:

"Ngwali apewe kwanza, mama. Mimi wa nyumbani. Nitasubiri."

Hakuna aliyempiga Bi Mashavu siku hiyo, lakini alirudi jikoni ameinama kama aliyepigwa. Njia nzima alikuwa akiyatazama maji yale. Alijua yalikotoka. Yalikuwa uji wake mwenyewe, alioukoroga kwa mkono wake, akaupakua kwa mkono wake, ukapitia kwa Ngwali na kurudi kumchubua mwanawe miguu. Hakuna hata tone lililoingia mtaroni bila kupita kwanza kwenye upawa wake.

Aliwasha moto. Alimimina sukari yote ya siku hiyo. Uji ulipochemka na kuanza kuruka, mabakuli ya Ngwali yakapanda juu, msitu mzima, yakigongana kwa njaa. Na wakati huo huo anga likaanza kushuka. Mwenyewe alikuwa anaoga.

"Bi Mashavu, pakua!" alipaza sauti Bi Pili kutoka getini. "Mheshimiwa anangoja!"

Bi Mashavu alilishika sufuria kwa ncha za kanga, akalinyanyua toka mafigani, akalibeba hadi chini ya mlima, pale ambapo anga liko karibu kabisa na paa. Akalimwaga lote, la moto, ardhini.

Kata ikatetemeka. Ardhi ikawaka nyekundu. Diwani Shekue alianguka toka juu ya kitu alichokuwa amesimamia. Na huko juu, kwa mara ya kwanza, Mwenyewe aliguta:

"Aaa!"

Vidole vikarudi mbio. Vikabonyeza, vikaachia, vikabonyeza tena. Halafu kimya, kimya cha mtu anayejitazama kwenye kioo. Kisha sauti yake, safari hii haikuwa ya kujisemea:

"Shangazi! Shangazi, hebu njoo uniangalie hapa."

Mama mwenzangu unayesoma, siku ukioga, lile neno la "hata hakiumi" usilipokee. Si kila kata ina mpishi wa kumwaga sufuria.

*

Bi Mashavu alishtakiwa kwa kumsumbua Mwenyewe na kwa upotevu wa uji wa umma. Hukumu ilikuwa bado inasomwa, Diwani akiwa amefika kwenye sifa zake binafsi, pale wageni, waliotiwa kwa sindano mkononi mwa Mwenyewe huko hospitalini, waliposhuka kwa Mto Mwekundu. Walikuwa wamevaa glovu. Hawakusalimu mtu. Walikwenda moja kwa moja kwa Ngwali, na kila mkono wa salamu uliotolewa mlangoni wakaufunga kitambaa, usishikike.

"Sisi kazi yetu imekwisha," alisema mkubwa wao. "Mikono ya usingizi tumeifunga. Kupigana, watapigana askari wenu wenyewe. Wako wapi?"

"Hao hapo," alisema Diwani, akionyesha ukutani kwa kiganja. "Imara kabisa, kama unavyoona."

Mgeni aliwatazama wale waliosimama ndani ya maji makali, midomo imepasuka. Akamgusa mmoja. Akageuka.

"Wamekula?"

Diwani alitazama Kamati. Kamati ikatazama vikombe vyake. Kisha macho yote, ya kata nzima, yakamgeukia mwanamke mwenye upawa.

Ilikuwa saa ya uji. Sukari ilikuwa imeshuka, kidogo. Mabakuli ya Ngwali yalikuwa tayari yako juu, kama siku zote, na desturi ilikuwa pale pale, haijafutwa na mtu. Bi Mashavu alichota. Akapita chini ya mabakuli yale yaliyomgonga kichwani na mabegani, akaingia majini, akaenda hadi ukutani, kwenye bakuli lililokuwa chini kuliko yote, limelala juu ya tope karibu na mguu uliochubuka.

"Anampendelea wake!" Bi Pili alipiga yowe. "Jamani, shuhudieni! Mama askari anampendelea wake!"

"Ndiyo," alisema Bi Mashavu. "Nampendelea."

Akapiga magoti, akaokota bakuli, akalifuta kwa kanga, akamimina. Akalipeleka mdomoni mwa Zawena. Midomo ilikaa muda bila kujua kitu kile ni nini. Kisha ikanyonya kidogo. Macho yakashuka kwenye uji, yakapanda kwa mama yake, yana wasiwasi wa mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake.

"Huu wangu?"

"Ulikuwa wako siku zote," alisema Bi Mashavu. "Kunywa, mwanangu. Wakitutazama, watutazame."